Hatua 31 za Prescott

Prescott, prosesa ya Intel ya Pentium 4 ya nanomita 90 iliyoingia sokoni Februari 2004, ilirefusha paipulaini kutoka hatua 20 za Northwood iliyoitangulia hadi 31. Huo ndio uamuzi uliokosewa. Joto, kelele za feni na umeme uliopotea bure vilifuata baadaye.

Hoja ya Intel inaeleweka. Amri ikigawanywa katika hatua nyingi, kila hatua huwa fupi, na hatua fupi huruhusu mapigo mengi zaidi kwa sekunde, na gigahezi hupanda. Namba hiyo haionyeshi gharama ya kubashiri. Prosesa ikifika kwenye njia panda ya programu haisubiri jibu: hubashiri upande mmoja na kuendelea kujaza paipulaini. Ubashiri ukienda kombo, kazi iliyokwisha kuingia hutupwa na kuanza upya. Ni sawa na safu ya watu wanaopokezana ndoo kuzima moto: ikigundulika mwishoni kwamba kilichochotwa si maji, safu ndefu humwaga ndoo nyingi kuliko fupi. Pentium III ilitosheka na hatua zipatazo 10.

Ili kufidia hasara hiyo, kitengo cha kubashiri kiliboreshwa, kashe ya L2 ikaongezwa kutoka kilobaiti 512 hadi megabaiti 1, na ya data ya L1 kutoka kilobaiti 8 hadi 16. Ni kazi safi, lakini ni dawa ya ugonjwa uliotengenezwa kiwandani. Tena kashe hiyo kubwa ilichelewa kujibu kuliko ile ndogo iliyoitangulia. Matokeo yanajulikana kwa kila aliyefuatilia vipimo vya mwaka ule: kwa gigahezi zilezile, Prescott mara nyingi ilikuwa sawa na Northwood au nyuma yake kidogo. Upande wa joto haikuwa sawa hata kidogo. Northwood ya gigahezi 3.4 ilipangiwa wati 89, Prescott ya kasi hiyohiyo wati 103. Kushuka kutoka nanomita 130 hadi 90 kulitarajiwa kuleta ubaridi. Umeme uliovuja kwenye transista hizo ndogo ukaleta kinyume chake.

Northwood yenyewe ilikuwa prosesa nzuri.

Lakini kosa la kukimbiza gigahezi lilikuwa na mizizi Novemba 2000, Pentium 4 ya kwanza ilipotoka kwa gigahezi 1.4 na 1.5. Katika programu kadhaa ilishindwa na Pentium III ya gigahezi 1, na juu ya hapo mnunuzi alilazimishwa kununua RAM ya aina ya RDRAM, ghali bila sababu ya maana kwa matumizi ya nyumbani. Hata hivyo kibandiko cha dukani kilisema 1.5, na kibandiko kikauza. Mshindani wake AMD, ambaye prosesa zake zilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo, ilibidi Athlon XP ya gigahezi 1.53 aiite 1800+ ili isidharauliwe.

Mtumiaji wa nyumbani alihitaji nini hasa? Mwaka 2004 aliandika barua, alipanga picha, alisikiliza muziki na kufungua intaneti. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika ilichukua takriban milisekunde 9 kutafuta data. Muda huo, prosesa ya gigahezi 3.4 hupiga mapigo zaidi ya milioni 30 ikisubiri. Windows XP yenye RAM ya megabaiti 256 na kinga ya virusi ilikimbilia diski kila mara. Megabaiti 256 nyingine zingeondoa usumbufu ambao hakuna prosesa ingeuondoa. Waliobana video walinufaika na Pentium 4, hilo halina ubishi. Wacheza gemu walitegemea kadi ya picha kwanza, kisha Athlon 64 ya AMD, ambayo kwa gigahezi 2 tu iliiacha Prescott nyuma katika gemu nyingi.

Wapenzi wa kompyuta walikwisha kuona jinsi kasi ya maana inavyopatikana. Celeron 300A ya Intel ya 1998 ilipandishwa basi yake kutoka megahezi 66 hadi 100, ikatoka 300 hadi 450, na kashe yake ya kilobaiti 128 ilienda kwa kasi kamili ya prosesa. Ilikuwa chipu ya bei ya chini.

Prescott haikuwa na ukarimu wa namna hiyo. Ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo mashine ya mtumba iliyofika pwani ya Afrika Mashariki na feni iliyojaa vumbi, katika chumba kisicho na kiyoyozi, ilipoteza hata zile gigahezi ilizonunuliwa kwa ajili yake.

Mei 2004 Intel ilifuta mradi wa Tejas, mrithi wa Prescott, na Oktoba ikaachana na ahadi ya gigahezi 4. Pentium 4 iliishia 3.8. Njia sahihi ilikuwa tayari nyumbani kwake. Pentium M iliyobuniwa Haifa na kutoka Machi 2003 ilirudi kwenye misingi ya Pentium III na kutumia wati 24.5 kwa gigahezi 1.6. Julai 2006 ikaja Core 2 Duo yenye hatua 14. E6600, kwa gigahezi 2.4 na wati 65, iliishinda kila Pentium 4 iliyowahi kuuzwa.