"Mahari" na "Keny": Tatizo la Kuisimulia Posa ya Wajaluo kwa Kiswahili

Desturi za posa za Wajaluo wa kando ya Ziwa Viktoria zimehifadhiwa na waandishi wao kwa njia mbili. Paul Mboya, katika Luo Kitgi gi Timbegi (1938), alizieleza kama kanuni za jamii. Grace Ogot, katika riwaya ya Miaha (1983), alimweka bi arusi, Nyawir, katikati ya kisa. Vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kijaluo. Swali linalomkabili mhakiki na mfasiri ni hili: ulimwengu huo usimuliwe kwa maneno gani ya Kiswahili?

Hapo zamani posa ilipitia kwa jagam, mtu aliyezifahamu koo zote mbili, naye alichunguza undugu na sifa za nyumba kabla ya ng'ombe kutolewa zizini. Kumwita mshenga hakuleti madhara makubwa. Lakini keny ikifasiriwa kuwa mahari, maana hupinduka. Mahari, kwa sheria ya Kiislamu, ni haki ya mke mwenyewe. Keny ni ng'ombe waliopelekwa kwa baba wa msichana na jamaa zake. Aghalabu ng'ombe hao hao walitumika kumposea kaka yake mke, na ndoa ilipovunjika waliweza kudaiwa.

Kosa hili haliishii katika msamiati. Msomaji wa Mombasa au Unguja akiambiwa kwamba bi arusi wa kando ya ziwa alitolewa mahari, atamwona mwanamke aliyeingia katika ndoa na mali yake. Hataona kwamba kuondoka kwake kungeweza kuitikisa ndoa ya kaka yake. Hivyo uvumilivu wake, au uasi wake, hupoteza uzito.

Yaweza kujibiwa kwamba nchini Kenya, Kisumu ikiwemo, neno mahari limekwisha kupanuka, likabeba maana zote mbili. Hoja hiyo yatosha katika mazungumzo ya kawaida, ila haitoshi katika fasihi. Kiswahili cha pwani chenyewe hutenga mahari na kilemba cha baba na mkaja wa mama. Hata hivyo, hivyo ni vipawa vya heshima, wala havilingani na kundi la ng'ombe. Yafaa basi neno keny libakizwe na kufafanuliwa mara moja linapotokea kwanza. Lugha iliyolipokea neno mahari kutoka Kiarabu haina sababu ya kulikataa neno keny kutoka Kijaluo.