Cheti na Moshi: Uhakiki wa Mfumo wa Usimamizi wa Mazingira wa ISO 14001

Kiwango cha ISO 14001, kilichotolewa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2004 na 2015, kinatumiwa na taasisi katika nchi nyingi kuandaa mifumo ya usimamizi wa mazingira. Muundo wake unafuata mzunguko wa hatua nne: kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha. Taasisi hubainisha namna shughuli zake zinavyoathiri hewa, maji na ardhi, hujiwekea malengo, hugawa majukumu na kupima matokeo, kisha uongozi wa juu huyapitia. Uhakiki huu unajadili iwapo mzunguko huo hupunguza uchafuzi au huishia katika majalada.

Kasoro ya kwanza ni ukimya wa kiwango chenyewe. Hakitaji kiasi cha juu cha moshi wala majitaka. Kinadai ahadi ya kuzuia uchafuzi, kutii sheria na kuboresha daima. Watetezi husema kwamba kiwango kimoja hakina budi kukifaa kiwanda kidogo cha ngozi na mgodi mkubwa vilevile. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba viwanda viwili vyenye cheti cha aina moja vinaweza kutofautiana sana kwa uchafuzi.

Kasoro ya pili inahusu mipaka. Taasisi yenyewe ndiyo huamua mfumo wake uishie wapi, na mwamba ngoma huvutia kwake. Toleo la tarehe 15 Septemba 2015 lilijaribu kurekebisha hali hiyo kwa kudai mtazamo wa maisha yote ya bidhaa. Siku tatu baadaye, mamlaka ya mazingira ya Marekani iliituhumu Volkswagen kuweka katika magari ya dizeli programu ya kuhadaa vipimo vya moshi. Kampuni ilikiri kwamba takriban magari milioni 11 duniani yalihusika. Viwanda vyake vilikuwa na vyeti vya mazingira. Moshi ulikuwa barabarani.

Mfumo wa EMAS, ulioanzishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 1993, unakwenda mbele zaidi. Unadai ripoti ya wazi, iliyohakikiwa na mtu huru, kuhusu nishati, malighafi, maji, taka, bayoanuwai na hewa chafu. ISO 14001 inalazimisha sera na mipaka ya mfumo vipatikane kwa wahusika, bila kudai ripoti ya aina hiyo. Uwazi wa EMAS peke yake haukuweza kuzuia udanganyifu wa Volkswagen, lakini humpa jirani wa kiwanda takwimu za kuhoji.

Hivyo basi, cheti hiki ni ushahidi wa utaratibu, si wa usafi wa mto. Nchini Tanzania, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukaguzi wa mazingira, cheti hakipaswi kuchukua nafasi ya ukaguzi huo. Anayechota maji chini ya kiwanda hanufaiki na ahadi iliyotundikwa ukutani. Hunufaika pale kipimo cha maji kinapobadilika.