Nani Huulizwa, na Huulizwa Nini? Uhakiki wa Mamlaka ya Raia katika Katiba ya Uganda ya Mwaka 1995

Utangulizi

Katiba ya Jamhuri ya Uganda, iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba 1995, inafunguliwa kwa tamko kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Tamko hilo hurudiwa mara nyingi katika hotuba, katika hukumu na katika makongamano kama hili letu. Makala haya yanadai kwamba anayetaka kupima mamlaka ya raia wa Uganda hawezi kuishia katika Ibara ya 1. Hana budi kusoma sehemu mbili zisizo na mvuto wa kihotuba: Ibara ya 10, inayoeleza nani ni raia kwa kuzaliwa, na Sura ya 18, inayoeleza namna Katiba yenyewe inavyobadilishwa. Hoja yetu ni kwamba uraia humpa mtu haki ya kuulizwa, lakini taasisi ndizo zinazoamua ataulizwa nini. Pale mambo hayo mawili yanapoachana, demokrasia hubaki na jina lake huku madaraka yakihama.

Raia na mwananchi

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo huchukuliwa kuwa sawa, nayo si sawa. Neno “raia” limetokana na Kiarabu, na katika asili yake lilibeba maana ya watu walio chini ya mtawala, kama kundi lilivyo chini ya mchungaji. Neno “mwananchi” linajieleza lenyewe: ni mwana wa nchi. La kwanza linataja uhusiano wa mtu na dola. La pili linataja asili yake. Katiba ya Uganda inaonesha vizuri jinsi maana hizi mbili zinavyovutana.

Chini ya Ibara ya 10, aliyezaliwa Uganda ni raia kwa kuzaliwa iwapo mmoja wa wazazi au babu na bibi zake ni, au alikuwa, wa mojawapo ya jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu: zilikuwa 56 mwaka 1995, zikafika 65 baada ya marekebisho ya mwaka 2005. Anayezaliwa popote na mzazi ambaye ni raia kwa kuzaliwa naye ni raia kwa kuzaliwa. Kwa hiyo mlango mkuu wa uraia ni nasaba, na tarehe inayotumika kuupima ni ya mpaka uliochorwa na mkoloni.

Athari zake si za kinadharia. Wanyarwanda wamo katika orodha. Waganda wenye asili ya Kihindi, ambao baadhi ya familia zao zimekaa nchini kwa vizazi kadhaa, hawamo. Wao hupita milango mingine ya kisheria, ikiwemo kuandikishwa. Wamaragoli wanaoishi magharibi mwa nchi wamedai kwa miaka mingi waingizwe. Mtu anayelazimika kuomba jina la jamii yake liandikwe ndipo ahesabiwe mwana wa nchi hawezi kusimama mbele ya dola kwa ujasiri sawa na yule ambaye jina la jamii yake limo tayari. Hapo Ibara ya 1 inasema “wananchi”, lakini Jedwali la Tatu limekwisha kuamua ni nani hao. Nalo jedwali linaweza kupanuliwa na Bunge pekee, jambo linaloufanya utambuzi wenyewe kuwa fadhila ya wanasiasa.

Kufuli lililowekwa na kufuli lililosahauliwa

Tuje sasa kwa wale ambao uraia wao hauna shaka. Je, wao huulizwa nini? Tume iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi kukusanya maoni, na Bunge la Katiba lililochaguliwa mwaka 1994 likajadili rasimu. Ni mchakato ambao bado unastahili heshima. Lakini katika Sura ya 18 waandishi waliyagawa marekebisho katika makundi. Ibara zilizotajwa katika Ibara ya 260 haziguswi bila theluthi mbili ya wabunge na kura ya maoni ya wananchi. Zile za Ibara ya 261 zinahitaji pia ridhaa ya halmashauri za wilaya. Zilizobaki, chini ya Ibara ya 262, zinatosheka na theluthi mbili ya wabunge.

Hapa ndipo penye ufa. Ibara ya 105(1), inayoweka muhula wa rais kuwa miaka 5, imo katika orodha ya Ibara ya 260. Ibara ya 105(2), iliyoweka ukomo wa mihula miwili, haikuwamo. Katiba ilifunga kufuli kwenye urefu wa muhula, ikaacha wazi idadi ya mihula. Mwaka 2005 Bunge likapita katika mlango huo. Tarehe 28 Julai ya mwaka huohuo wananchi waliitwa kupiga kura ya maoni, lakini swali walilopewa lilihusu kurejea kwa mfumo wa vyama vingi. Kuhusu ukomo wa mihula hawakuulizwa. Mwaka 2017 njia ileile ilitumika kuondoa ukomo wa umri wa miaka 75 katika Ibara ya 102(b). Mwezi Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, iliridhia kuondolewa huko kwa majaji 4 dhidi ya 1, ingawa ilibatilisha kipengele kilichoongeza muda wa Bunge kutoka miaka 5 hadi 7. Aprili 2019 Mahakama ya Juu iliafiki kuondolewa kwa ukomo wa umri kwa majaji 4 dhidi ya 3.

Wapo wanaoyaeleza haya kwa tabia ya mtu mmoja aliye Ikulu. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayamsaidii mshauri wa sera, kwa kuwa tabia ya mtu haiandikiwi muswada. Tunalopaswa kuliona ni kwamba kila hatua ilifuata njia iliyokuwa imeandikwa. Raia hakupokonywa haki ya kuulizwa. Ni kwamba maandishi hayakumpa haki hiyo katika jambo lililokuwa na uzito kuliko yote.

Pingamizi kutoka kwa majirani

Mtu anaweza kujibu kwamba dawa ni nyepesi: ongeza kufuli. Kenya ilifanya hivyo. Ibara ya 255 ya Katiba yake ya mwaka 2010 inautaja muda wa rais kuwa miongoni mwa mambo yasiyobadilishwa bila kura ya maoni. Hata hivyo, majirani wengine wanatuonya. Rwanda iliwauliza wananchi wake Desemba 2015, na kura ya maoni ikamfungulia rais aliyepo njia ya kugombea tena. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ibara ya 220 ya Katiba ya mwaka 2006 inakataza kabisa kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Maandishi hayakuguswa, uchaguzi uliotarajiwa mwaka 2016 ndio haukufanyika hadi Desemba 2018, na rais akabaki madarakani hadi Januari 2019.

Mifano hii haiivunji hoja yetu, bali inaikamilisha. Kura ya maoni ina maana pale tu anayeulizwa anaweza kujibu “hapana” bila woga na baada ya kusikia pande zote. Katazo la kikatiba nalo lina maana pale tu taasisi inayoandaa uchaguzi haisubiri ruhusa ya yule ambaye muda wake umekwisha.

Hitimisho

Marekebisho yaleyale ya mwaka 2005 yaliyoondoa ukomo wa mihula ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, kitumike kwa namna ambayo Bunge litaamua. Sisi wapenzi wa lugha tulishangilia Ibara ya 6 na mara nyingi hatukusoma zaidi. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, mjadala wowote wa mageuzi ya kikatiba uanze na sura ya marekebisho, na kila kifungu kinachoamua nani anashika madaraka na kwa muda gani kilindwe kwa kura ya maoni. Pili, uraia wa kuzaliwa usitegemee orodha ya makabila. Tatu, wataalamu wa Kiswahili waandae tafsiri na maelezo ya vifungu hivyo katika lugha inayosomeka, kwani raia asiyejua ni wapi jina lake limeachwa nje hawezi kudai aulizwe.