Upinde Ukikaribia Kwisha
Sonata ya tatu ya Beethoven ya chelo na piano, Opus 69, iliyochapishwa mwaka 1809, inaanza na chelo peke yake. Piano iko kimya. Mpiga chelo ndiye anayeamua, kwa nota mbili tatu za mwanzo, mwendo wa kazi nzima. Katika rekodi ya tamasha la Edinburgh la Agosti 1970, Jacqueline du Pré anazitandaza nota hizo, kisha anatua kwenye nota ya chini na kuishikilia. Juu yake ndipo anapoingia mumewe, Daniel Barenboim, na piano.

Wengi husema wawili hao walipiga kwa hisia tu, kila kitu kikizaliwa papo hapo. Mimi nautazama upinde. Nota ile ya chini hupigwa kwenye uzi mnene kuliko zote, na uzi mnene hula upinde. Mpiga piano akijivuta mno, mwenzake atalazimika kugeuza upinde katikati. Kwa bahati nzuri, jinsi jukwaa linavyopangwa, mkono wa kulia wa mpiga chelo huwa upande wa piano, hivyo mpiga piano huona kiasi cha upinde kilichobaki. Mpiga chelo, aliyewaelekea watu, anategemea masikio.

Kisha Beethoven anaweka alama ya kusita na kuiachia piano mapambo mafupi. Wapenzi wa taarabu watakumbuka taksimu, udi unaporanda peke yake, ila hapa nota zote zimeandikwa na kilichoachwa wazi ni muda. Baadaye kidogo zamu inageuka: piano inachukua wimbo, kusita kunapewa chelo. Hapo ndipo pagumu. Kinachofuata ni ghadhabu ya La minor, na chelo inaweza kuvimbisha au kufifisha nota yake hadi mwisho kabisa, ilhali nota ya piano huanza kufa nyundo ikishagonga waya. Mpiga piano akiwahi, hana namna ya kurekebisha.

Mazoezini hawawezi kupatana kusita kuchukue muda gani. Ukumbi uliojaa watu hunyonya mwangwi, na kimya kilichokuwa kizuri mchana ukumbi ukiwa mtupu, usiku huonekana kirefu kupita kiasi.

Skerzo, yaani sehemu ya pili ya sonata, kwa upande mwingine, haina nafasi ya kubahatisha. Juu ya nota zilizounganishwa kwa tao Beethoven aliandika vidole 4 na 3, na wapiga piano wanabishana hadi leo kama nota ya pili igongwe tena au iachwe iendelee. Jibu lolote lina watetezi wake, lakini lazima lipatikane kabla ya kupanda jukwaani: chelo inaupokea wimbo huohuo, na kila mmoja akishika lake, wasikilizaji watadhani mmoja wao amekosea.