Sauti Isiyo na Herufi

Kwaya nyingi za Usambara, kuanzia Mlalo hadi Lushoto mjini, zinasoma muziki kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Ni mfumo uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Nimekaa kwenye mazoezi ya kutosha kusema wazi kwamba unafanya kazi. Chaki, ubao, basi; jioni moja tu sauti zote nne zimeshika wimbo.

Shida inaanza kwaya ikichukua mahadhi ya Kigogo, ambayo yamependwa sana makanisani. Uimbaji huo, kama tulivyousikia kwa marehemu Hukwe Zawose, hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetema. Ya saba kati ya hizo iko chini ya "ta" ya kinanda kwa senti 31 hivi, na nusutoni nzima ni senti 100. Karibu theluthi! Mwalimu anaandika "ta", kinanda kinapiga "ta" yake, na mama anayeimba kama alivyorithi kwao anaambiwa katoka nje ya sauti.

Herufi tusiionee. Haisemi hatua ina upana gani. Kinanda ndicho kilichojipa kazi ya kuifasiri.

Zanzibar wako mbele kidogo. Wapigaji wa taarabu wanaosoma nota wanayo bemoli iliyokatwa kistari, yaani sauti imeshushwa robo toni. Lakini hata alama hiyo haitoshi: katika makamu ya rast hupigwa juu kidogo, katika bayati chini kidogo. Anayeijua tofauti kaipata kwa sikio, sio kwenye karatasi.

Ndiyo maana hesabu za senti naziachia watafiti. Nani ataimba "pungufu ya 31"? Kwenye ubao wa kwaya unatosha mshale mdogo juu ya herufi, unaotazama chini. Jina nalo tusiliazime mbali. Wapiga nyuzi wanakaza na kulegeza kila siku. Basi tuiite "ta legevu".

Mshale hautamfundisha mtu kuimba. Utamwambia mwalimu kwamba sauti ile imekusudiwa, azime kinanda kwanza, amsikilize yule mama kabla hajamsahihisha. Sauti isiyo na alama husahihishwa mara moja, mara mbili, na watoto wanaokaa nyuma wanajifunza iliyosahihishwa.