Nyuzi Mbili

Ukifika Ngombezi ukamkuta mzee anasokota kamba, kaa umtazame. Singa za mkonge anazisokota pajani kuelekea upande mmoja mpaka ziwe uzi, kisha nyuzi mbili anazizungusha pamoja kuelekea upande wa pili. Kila uzi unataka kujifumua, na kutaka huko ndiko kunakokaza kamba. Zikisokotwa zote upande mmoja, ukiachia mkono tu kazi imefumuka.

Kamba hiyo hunijia kila nikisikiliza Singeli Ya Maajabu, albamu ya Sisso na Maiko iliyotoka mwaka 2024 chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisso ni mtayarishaji, mwenye studio Dar es Salaam. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017 ndio uliowafanya wageni wa mbali wausikie muziki wa singeli kwa mara ya kwanza. Maiko ni mpiga kinanda.

Singeli huvuka mapigo 200 kwa dakika. Asiyeizoea husikia fujo, na simlaumu, maana hata mimi ilinichukua jioni nyingi. Lakini piga hesabu: kwa mapigo 240, kila sekunde ina mapigo manne. Hapo mpiga kinanda hana nafasi ya kufikiri. Vidole viwe vimeshafikiri siku nyingi nyuma. Sisso anatandika vipande vifupi vinavyojirudia bila kuchoka. Maiko anapita juu ya vipande hivyo kwa sauti nyembamba, kali, anatupa kifungu, anakiacha, anakirudia kikiwa kimepinda kidogo. Mmoja anashikilia, mwingine anavuta. Ufundi huu una ukoo: kabla yake ulikuwapo muziki wa mchiriku, vinanda vidogo vya Casio vikilizwa kwenye spika mpaka sauti inakwaruza, juu ya midundo ya ngoma za Wazaramo.

Usokotaji huu hauko kwenye singeli peke yake. Mwaka 1992, Gustavo Cerati wa bendi ya Soda Stereo na Daniel Melero, Waajentina wawili, walitoa albamu ya Colores Santos, roki iliyochanganywa na mashine. Mwendo wake ni wa taratibu mno ukiulinganisha na singeli. Hata hivyo nilipoisikiliza nilitambua usokotaji uleule: wanamuziki wawili wenye mielekeo tofauti, wala hakuna aliyemlainisha mwenzake.

Siku moja nilimwamkia mzee wetu wa kamba, nikamwomba avae hedifoni zangu asikilize Singeli Ya Maajabu. Nilidhani kasi ile ingemkera. Mikono yake haikubadili mwendo. Alisikiliza wimbo mzima, akameza mate, akauliza:

“Hawa ni wawili, sivyo?”

“Ndiyo, babu. Umejuaje?”

Akanionyesha kamba aliyoishika, akaendelea kusokota.