Sindano na Unga Uliomwagika: Kuisoma Kazi ya Mikono katika Nyumba ya Asiye na Ajira

Msamiati wa uhakiki wa Kiswahili umekopa mengi kutoka kwa watu walioketi wakifanya kazi za mikono. Mshairi hutunga, kama atungaye shanga uzini. Mwandishi wa riwaya husuka visa, na kile kilichosukwa wahakiki hukiita msuko. Hadithi ambayo mambo yake yameshikamana husifiwa kuwa imefumwa vyema, na msomaji mdadisi huifumua. Hata hivyo, uhakiki uliojitajirisha kwa maneno haya haujawa mkarimu kwa kazi zenyewe. Sindano, uzi, ukili na soksi vinapotokea ndani ya kazi ya fasihi, aghalabu huchukuliwa kuwa pambo la mandhari au ishara ya jambo jingine kubwa zaidi. Makala haya yanadai kwamba ukopaji huo umeacha deni, na kwamba deni lenyewe huonekana wazi zaidi katika kazi zinazoisawiri nyumba ambamo mtu mzima, aliyekwisha pita umri wa kuajiriwa upya, amepoteza mshahara wake.

Mazoea ya kuisoma sindano kama ishara yana asili yake. Katika *A Tale of Two Cities* (1859) ya Charles Dickens, Madame Defarge anafuma huku akiyaingiza katika mishono majina ya watakaouawa. Katika *Heart of Darkness*, iliyotoka kwanza jaridani mwaka 1899, Joseph Conrad anawaketisha wanawake wawili wakifuma sufu nyeusi katika ofisi ya kampuni inayowapeleka watu Kongo. Ni kawaida ya darasa la fasihi kuwaona wanawake hao kuwa walinzi wa mlango wa mauti, na usomaji huo una haki yake. Ila ni nadra kusikia swali la kawaida zaidi: sufu ile ilikuwa inafumwa iwe nini, na ingevaliwa na nani? Virginia Woolf, katika *To the Lighthouse* (1927), amelijibu swali la aina hiyo. Soksi anayofuma Mrs Ramsay ni ya mtoto mgonjwa wa mlinzi wa mnara wa taa. Inapimwa mguuni mwa James, naye James hatulii. Inaonekana ni fupi mno. Soksi fupi haigeuki kuwa Majaaliwa kwa urahisi. Kwanza inabidi iongezwe mistari.

Nchini Kenya, kufuma kwa sindano mbili kulienezwa na shule za misheni na vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952. Kulifundishwa pamoja na ushoni na upishi, likiwa ni somo la utunzaji wa nyumba. Fundisho hilo liliiweka sindano upande wa mke na upande wa wakati wa ziada. Mpango wa kuurekebisha utumishi wa serikali ulipoanza mwaka 1993, maelfu ya watumishi waliondoka ofisini kwa mpango wa kustaafu mapema, na mwaka 2000 likaja wimbi jingine la kupunguza watu, safari hii bila hiari. Mume alionekana sebuleni mchana kutwa, kiinua mgongo kikipungua, na kile kilichoitwa kazi ya ziada ya mke kikawa ndicho kinacholeta sukari. Sweta ya shule ni mfano mwafaka. Mitumba iliweza kumpokonya mshonaji wateja wa mashati na makoti, lakini sweta yenye rangi na mstari wa shule fulani haichomozi kwa bahati kutoka katika robota. Hivyo mfumaji aliendelea kutafutwa kila shule zilipofunguliwa. Katika nyumba ya namna hiyo, swali la nani anafanya kazi na nani amekaa bure huulizwa mezani, mbele ya watoto.

Lugha yenyewe imelitafakari suala hili kuliko wahakiki wake. Asemwaye kuwa amepigwa kalamu ametendwa na mtu mwingine, ofisini, kwa wino. Asemwaye kuwa amemwaga unga amehamishiwa jikoni. Zaidi ya hayo, amegeuzwa kuwa mtenda, kana kwamba ni uzembe wake uliokiponyosha chombo, na wanaoumia ni wale waliokuwa wakiusubiri ugali. Kati ya misemo hii miwili pana msuko mzima wa riwaya: kosa linatoka mezani kwa mwajiri na kuishia mikononi mwa mfutwaji. Hata kiinua mgongo, neno la heshima, hudokeza kwamba mgongo ulikwisha kuinama.

Kazi inayofaa kusomwa kwa jicho hili ni tamthilia ya Arthur Miller, *Death of a Salesman* (1949). Willy Loman ana miaka 63. Ameitumikia kampuni moja kwa miaka 34, amekwisha nyang'anywa mshahara na kuachiwa kamisheni peke yake, na katika sehemu ya pili Howard, mwana wa mwajiri wake wa zamani, anamfuta kabisa. Lakini tukio la soksi linatokea mapema zaidi, ndani ya kumbukumbu ya Willy, siku ambazo bado anasafiri na kuuza. Anarudi akijigamba kwa mauzo makubwa. Linda anachukua penseli na kuuliza, na kila anapouliza mauzo yanapungua, hadi yanakuwa kiasi kisichotosha madeni ya jokofu na mashine ya kufulia. Baadaye kidogo mtazamaji anamwona akitililia soksi zake, yaani akiziba matundu yake kwa uzi.

Hapa uhakiki umekuwa na haraka. Soksi hizo husomwa kama ushahidi wa uzinzi: Willy alimpa mwanamke wa Boston soksi mpya, mwanawe Biff akamkuta huko na kulia kwamba zilizotolewa ni soksi za mama; kwa hiyo Linda anaposhika sindano, dhamiri inayochomwa ni ya Willy. Usomaji huo ni sahihi, na Miller ameupangilia waziwazi. Upungufu wake ni kwamba unaifanya kazi ya Linda kuwa kioo cha kosa la mumewe. Kabla ya kuwa ushahidi, soksi ni hesabu. Linda anazitililia kwa sababu mpya ni ghali, naye anasema hivyo. Zinaingia katika orodha moja na jokofu, ila deni hili analilipa kwa vidole vyake mwenyewe, bila kumsubiri mtu arudi safarini. Kwa maneno mengine, Linda amekwisha kuijua habari ambayo Howard atakuja kuitangaza miaka mingi baadaye. Ameisoma katika penseli na katika uzi. Willy anaamuru soksi zitupwe. Linda anazitia mfukoni. Hakubishana wala hakutii, na maelekezo hayo mafupi ya jukwaani yanastahili uzito ambao kwa kawaida hupewa hotuba zake.

Linganisha na mikono ya Willy. Yeye ni fundi: ameiweka dari ya sebule, Charley jirani yake anaistaajabia, naye humdharau mwanamume asiyejua kushika zana. Katika sehemu ya mazishi Biff anasema kwamba baba yake yumo zaidi katika kibaraza cha mbele alichokijenga kuliko katika mauzo yake yote, na Charley anakumbuka furaha yake mbele ya saruji. Wahakiki wameyapokea maneno hayo kwa shukrani, kwamba hapo ndipo alipo Willy wa kweli. Basi saruji inaruhusiwa kuwa kazi, uzi hauruhusiwi, ijapokuwa nyumba ni ile ile na madeni ni yale yale. Kibaraza huonekana na wapita njia. Tundu lililotililiwa vizuri halionekani; likionekana, kazi haikufanywa vizuri.

Fasihi ya Kiswahili haijakosa wanaume waliomwaga unga. Zakaria, katika *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi, aliwahi kuwa mwalimu. Msomaji anamkuta akiwa mtu wa pombe, na mzigo wa nyumba ukiwa umemwangukia Regina. Kezilahabi anaiona vyema aibu inayogeuka kuwa kipigo. Hata hivyo, mikono ya Zakaria haijapewa cha kufanya isipokuwa kunywa na kupiga, na hilo ni chaguo la kisanaa lenye gharama, kwani linaifanya hali ya kukosa kazi ifanane na hali ya kukosa maadili. Si kwamba mazingira hayana mifano mingine. Mvuvi mzee asiyeweza tena kwenda mbali baharini hukaa akifuma na kutengeneza nyavu, na kitenzi kinachomstahili ni kile kile cha mwenye sweta. Fundi wa cherehani barazani mara nyingi ni mwanamume. Hawa hawachekwi. Anayechekwa ni karani wa zamani aliyeshika sindano mbili na uzi wa sufu, kwa kuwa alifika kwenye sindano akitokea kwenye meza, na sindano yenyewe ilifika nchini kama somo la wake.

Lipo pingamizi lisilofaa kupuuzwa, hasa kutoka kwa wahakiki wa mkabala wa Kimarx: kuitukuza kazi ya mikono ya aliyefutwa ni kumpa pole mahali pa haki, na ni kuwapunguzia lawama waliomfuta. Pingamizi hili lina nguvu. Hakuna idadi ya sweta inayoweza kuwa pensheni. Lakini anayelitoa hujikuta akitumia kipimo cha Howard, kwamba kisicholipwa si kazi, ilhali hesabu ya Linda inaonyesha kwamba mshahara wa Willy, hata ulipokuwapo, ulisimama juu ya matundu yaliyozibwa bure. Kuiona soksi kuwa kazi kunaongeza makali ya uhakiki wa kiuchumi, kwa sababu mwajiri anakuwa na wadai wawili badala ya mmoja. Linabaki suala la wakati, ambalo pingamizi halilifikii. Mwajiriwa huhesabu siku kwa mwisho wa mwezi. Akishafutwa, mwisho wa mwezi huja mikono mitupu, na siku hukosa kituo. Mfumaji ana mistari. Anaweza kuihesabu, kuifumua iliyokosewa na kuianza upya, jambo ambalo hakuna ofisi inayomruhusu mtu wa miaka 63.

Mwishoni mwa tamthilia, kaburini, Linda anamwambia marehemu kwamba malipo ya mwisho ya nyumba yamekamilishwa siku hiyo. Biff amekwisha kukitaja kibaraza, na Charley ameitaja saruji. Soksi hazitajwi na yeyote. Na Linda, aliyezitia mfukoni, ndiye anayeusifu ustadi wa mikono ya mumewe.